Sura ya Tano: Shahada Inayomtoa Mwalimu Darasani

Katika mji wa Likasi, ulioko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi kwenye barabara kuu iendayo Kolwezi, mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kupita chuo kikuu ili akabidhiwe darasa, kwa kuwa sheria na mazoea ya elimu ya Kongo yameiweka kazi hiyo mwishoni mwa sekondari, si ndani ya elimu ya juu. Kijana aliyemaliza miaka 6 ya shule ya msingi pamoja na miaka 2 inayofuata, ambayo tangu sheria ya elimu ya Februari 2014 huhesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya miaka 8, huchagua mchepuo wa miaka 4 unaoitwa kwa Kifaransa humanités pédagogiques, yaani masomo ya sekondari ya kuandaa walimu, ambao wanafunzi wenyewe huuita kwa kifupi peda. Akifaulu Mtihani wa Serikali, ambao ulianzishwa mwaka 1967 na hufanywa nchi nzima mwishoni mwa sekondari, hupewa diploma ya Serikali, na katika orodha za mishahara huandikwa D6, alama inayomtaja mtu mwenye diploma iliyopatikana baada ya miaka 6 tangu kutoka shule ya msingi. Hivyo kijana wa miaka 18 au 19, ambaye nyumbani bado hutumwa dukani na wadogo zake humwita kaka au dada, mbele ya Serikali ni mwalimu kamili, na wazazi humwachia watoto wao wa miaka 6.

Sura hii inachunguza jambo linalompata mwalimu huyo anapotaka kusonga mbele na kutafuta shahada, neno ambalo hapa lina maana ya cheti cha elimu ya juu kinachotolewa na chuo kikuu au na taasisi ya juu ya ualimu. Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne shahada ya ualimu nchini Kongo imejengwa kama mlango wa kutokea: anayeipata huhamia sekondari, au hupanda kuwa mkurugenzi au mkaguzi, au huiacha chaki kabisa, na mtoto anayejifunza kuunganisha herufi kwa mara ya kwanza hubaki na mwalimu aliyesoma miaka michache kuliko walimu wengine wote atakaokutana nao baadaye. Mpangilio huo haukuletwa na uzembe wa mtu mmoja, nao una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaonekana vizuri Likasi kuliko miji mingine mingi.

Kabla ya kuifuata historia hiyo, ni haki kusema kwamba mchepuo wa peda si elimu ya kubeza. Mwanafunzi wake hufundishwa saikolojia ya mtoto, hufundishwa pedagojia, yaani elimu ya malezi na ufundishaji kwa jumla, kisha hufundishwa didaktiki, ambayo ni maarifa ya namna ya kufundisha somo fulani, kwa kuwa kufundisha hesabu hakufanani na kufundisha kuimba. Katika miaka ya mwisho huenda kwenye staji, yaani mazoezi ya kufundisha katika shule halisi chini ya jicho la mwalimu mwenyeji, na kwa kila somo atakalotoa huandika fishi, karatasi ya maandalizi inayochorwa mistari kwa rula na kujazwa kwa mkono: juu jina la somo, darasa na tarehe, kisha lengo la somo, vifaa na kitabu cha marejeo, na chini yake safu zinazoonyesha mwalimu atasema nini na watoto wanatarajiwa kujibu nini. Lengo lazima liandikwe kwa kitenzi kinachoweza kupimwa, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba watoto “wataelewa” kutoa hurudishiwa karatasi yake, naye aandike kwamba wataweza kutoa namba za tarakimu 2 bila kukosea. Mwishoni, kabla ya karatasi za Mtihani wa Serikali, husimama mbele ya jopo la wakaguzi liitwalo jury pratique na kufundisha watoto halisi somo alilopangiwa. Wapo walimu wa sekondari wenye shahada kubwa ambao hawajawahi kupimwa kwa ukali wa namna hiyo, na mtu yeyote anayetaka kuipeleka elimu ya walimu chuo kikuu lazima kwanza aahidi kwamba fishi na staji havitapotea njiani.

Mzizi wa mambo uko katika enzi ya ukoloni, wakati Likasi ilipoitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa makampuni ya Kibelgiji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga hapa na katika vitongoji kama Panda na Shituru mitambo ya kusafishia shaba, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi zake. Palipo na watoto hapana budi pawe na shule, na shule za kambi zilikabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki, ambao katika Katanga waliongozwa kwa miaka mingi na Jean-Félix de Hemptinne wa shirika la Wabenedikto. Mtoto wa kambi alihitajiwa asome kiasi cha kuwa fundi mtiifu, na mwalimu wake alihitajiwa ajue zaidi kidogo tu kuliko huyo mtoto.

Mwalimu huyo aliitwa moniteur, neno lililobaki midomoni mwa wazee kama monitere. Mpango wa masomo wa mwaka 1948 uliweka ngazi za kumwandaa: ya chini ilikuwa shule ya mafunzo ya ualimu ya miaka 2 baada ya shule ya msingi, na iliyo juu yake shule ya mamonitere ya miaka 4. Chuo kikuu hakikuwamo katika hesabu hiyo, kwani Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na Chuo Kikuu Rasmi cha Élisabethville, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka 1956, na hadi uhuru wa Juni 1960 Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30 nchi nzima. Kwa kupima na hali hiyo, mwalimu wa D6 wa leo, mwenye miaka 6 ya masomo baada ya shule ya msingi, ni hatua kubwa mbele, na ndiyo maana kizazi kilichoongoza elimu baada ya uhuru kiliiona diploma ya Serikali kuwa kilele cha kutosha kwa shule ya msingi.

Uhuru uliikuta sekondari ikiwa tupu. Walimu wa Kibelgiji waliondoka kwa wingi, Katanga ikajitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na Serikali ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ikisaidiwa na UNESCO, ikalazimika kutafuta walimu hata Haiti, ambako wasomi wanaozungumza Kifaransa walikuwa wakiukimbia utawala wa Duvalier. Mwaka 1961 ikaanzishwa taasisi ya taifa ya ualimu, Institut Pédagogique National, ambayo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Ualimu cha Kinshasa, na taasisi za juu za ualimu zijulikanazo kwa herufi ISP zikaenea mikoani, zote zikiwa na kazi moja ya dharura: kuipatia sekondari walimu wa Kikongo. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima na ulifanikiwa, lakini dharura ilipokwisha muundo ulibaki, na neno “elimu ya juu ya ualimu” likashikamana na sekondari kana kwamba hakuna kitu cha juu cha kujifunza kuhusu mtoto wa miaka 6.

Majina ya idara zenyewe yanatosha kuonyesha jambo hilo. Mwalimu wa msingi aliyeingia ISP katika mfumo wa zamani alijikuta akichagua kati ya Kifaransa na lugha za Kiafrika, Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika, historia na sayansi za jamii, hisabati na fizikia, biolojia na kemia, na nyinginezo za aina hiyo, zote zikiwa masomo yanayofundishwa sekondari na mwalimu mmoja kwa somo moja, ilhali yeye alitoka katika darasa ambamo mtu mmoja hufundisha kila kitu kuanzia dua ya asubuhi hadi mazoezi ya viungo. Baada ya miaka 3 alipata graduat, shahada ya kwanza ya wakati huo, akaitwa G3. Akiongeza miaka 2 alipata licence na kuwa L2. Idara za pedagojia na saikolojia zilikuwapo pia, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kizima cha saikolojia na sayansi za elimu, lakini mhitimu wa huko kwa kawaida hutazamiwa kufundisha pedagojia kwa wanafunzi wa peda, au kuongoza shule, au kufanya kazi za ofisi ya elimu; yaani huwafundisha watakaofundisha watoto, na watoto wenyewe hawaoni sura yake.

Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD, ambao herufi zake zinasimama badala ya licence, master na doctorat, na ambao hupima masomo kwa krediti 60 kwa mwaka. Mabadiliko hayo yamegeuza hata maana za maneno, kwa sababu licence iliyokuwa tunda la mwaka wa tano sasa hupatikana baada ya miaka 3 na krediti 180, na wazazi wengi wa Likasi bado husikia licencié na kumfikiria msomi wa miaka 5. Hata hivyo umuhimu wa mfumo huu kwa mwalimu wa msingi hauko katika majina, bali katika nafasi uliyoifungua: vyuo vinapolazimika kuandika upya orodha za masomo yao, hakuna kinachozuia kuwekwa licence ambayo krediti zake zinahusu kusoma, kuandika na kuhesabu kwa watoto wadogo, na ambayo staji yake inafanyika katika shule ya msingi kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu.

Kwamba elimu ya namna hiyo ina kitu cha kufundisha, na si kujaza miaka tu, kunaonekana mara mtu akiingia darasa la kwanza la mtaa wa Kikula. Watoto wake huzungumza Kiswahili cha Katanga, lugha iliyokomazwa katika kambi za migodi, ambamo shule yenyewe huitwa masomo na mtoto husema “batoto beko ku masomo” pale ambapo kitabu kimeandika “watoto wako shuleni”. Kwa hiyo mtoto wa Likasi ana safari 2 za lugha, ya kwanza kutoka Kiswahili cha nyumbani kwenda kile ambacho watu wa hapa hukiita Kiswahili bora, na ya pili, iliyo ndefu zaidi, kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Sheria ya 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika ufundishaji, na katika miaka iliyofuata mradi wa ACCELERE, uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza na kulihusisha jimbo la Haut-Katanga, ulitayarisha vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Vitabu hivyo ni msaada mkubwa, lakini kitabu hakimwelezi mwalimu afanye nini mtoto anapoona “watoto” na kutamka “batoto”. Mwalimu asiyejifunza isimu, yaani elimu ya lugha, atadhani mtoto amekosea kusoma na atamkemea. Aliyejifunza atajua kwamba mtoto huyo amesoma vizuri mno, kwa sababu amelipata neno zima kwa maana na kulitafsiri papo hapo katika lugha yake, na kinachobaki ni kumrudisha polepole kwenye herufi ya kwanza.

Ndivyo ilivyo pia kwa maandishi yenyewe. Katika Kiswahili herufi na sauti huenda pamoja karibu siku zote na silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo mtoto anayeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza baada ya miezi michache kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Katika Kifaransa sauti moja ya o huandikwa o, au, na eau, na herufi za mwisho wa maneno mara nyingi hazitamkwi kabisa. Mwalimu anayeanza na lugha zote 2 kwa siku moja, akitumia ubao mmoja na bila kusema ni lugha ipi inayosomwa, humfundisha mtoto kwamba kusoma ni kubahatisha. Mtoto huyo hukimbilia kukariri, na kwa kuwa anakariri kwa sauti nzuri pamoja na wenzake, kosa hilo linaweza kufichika miaka 2 au 3.

Mfano wa namba ni wazi zaidi, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwalimu anataka kufundisha 42 kutoa 17, na juu ya meza ameweka vijiti, vingine vimefungwa kwa kamba kumi kumi na vingine ni vya mojamoja. Mtoto anaona mafungu 4 na vijiti 2, anaambiwa aondoe 17, anafika kwenye 7 na vijiti vyake ni 2 tu. Hapo inabidi fungu moja lifunguliwe, na maarifa yote ya mfumo wa makumi yamo katika kitendo hicho cha kufungua kamba. Sasa lugha inaingia. Kwa Kiswahili 17 ni kumi na saba, na jina lenyewe limekwisha kueleza fungu 1 na vijiti 7. 11 ni kumi na moja, nayo inajieleza vilevile. Na wazee wengi wa Katanga, wasemapo makumi mbili na makumi tatu badala ya ishirini na thelathini, huhesabu mafungu kwa sauti bila kujua. Kwa Kifaransa mtoto hukutana na onze, douze, treize, majina yaliyolificha kumi ndani yake, na hata baada ya kuyakariri hana dalili ya fungu wala ya kijiti. Mbele zaidi hukuta kwamba Kongo, ikiwa imerithi Kifaransa cha Ubelgiji, husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, na jambo hilo ni la nafuu, lakini kitabu kilichochapishwa Ufaransa kinaweza kumtolea soixante-dix, ambayo ni sitini na kumi, na quatre-vingt-dix, ambayo ni ishirini mara nne na kumi. Mwalimu anayeyajua haya huanza na vijiti na Kiswahili hadi fungu likae akilini, kisha huyaleta majina ya Kifaransa kama majina mapya ya kitu ambacho mtoto anakifahamu tayari. Asiyeyajua hudai onze siku ya kwanza, na mtoto akinyamaza humhesabu kuwa mzito wa akili.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachopatikana kwa kuwa na moyo mzuri tu au kwa kupenda watoto, ingawa upendo huo ni wa lazima. Ni elimu, tena elimu ya kiwango cha chuo kikuu, na kuidhania kuwa ndogo kwa sababu mwanafunzi ni mdogo ni kosa ambalo watoto wa Likasi wamelilipia kwa vizazi.

Jambo la fedha haliwezi kuachwa, kwani ndilo linaloamua safari ya mwalimu kuliko nadharia yoyote. Mrithi wa Union Minière, yaani Gécamines, aliendelea baada ya 1967 kuendesha shule zake kwa watoto wa wafanyakazi, na hadi miaka ya 1980 mwalimu wa kampuni alikuwa mtu wa heshima mtaani, mwenye nyumba, hospitali na posho. Mwaka 1986 kampuni ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka 8 baadaye haikufikisha hata sehemu ya kumi ya hizo. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na miji mingine ya Katanga, maelfu yao wakalala kwenye kituo cha reli wakisubiri treni, na pamoja nao mji ukapoteza walimu wengi. Kisha mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa malipo ya mara moja katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliwaita watoto wa ulimwengu huo bana Shaba, yaani wana wa Shaba, walioachwa na baba yao, na baba aliyekusudiwa ni kampuni.

Katika miaka hiyo mshahara wa Serikali ulikuwa hauji, au ulikuja ukiwa umekwisha thamani, na shule ziliokolewa na wazazi waliotoa mchango ulioitwa prime, yaani nyongeza ya kumtia moyo mwalimu. Desturi hiyo iliyoanza kama dharura ikadumu zaidi ya miaka 25, ikizifunga shule kwa watoto wa maskini ingawa Katiba ya Februari 2006, katika ibara ya 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Mwezi Septemba 2019 Serikali ya Félix Tshisekedi iliitekeleza ibara hiyo. Watoto wakamiminika, madarasa yakafurika, na mwalimu wa msingi akabaki akitegemea orodha ya mishahara peke yake. Hapo ndipo ile alama ya D6 inapopata uzito wake: kwa kuwa orodha hupanga watu kwa vyeti, mwalimu anayetaka kipato bora huona wazi kwamba njia ni kuwa G3 au L2, na kwa kuwa G3 na L2 vimeandaliwa kwa ajili ya sekondari, njia ya kuongeza kipato na njia ya kuondoka shule ya msingi ni ile ile.

Wala Kongo haikuwa peke yake katika kuliona darasa la watoto kama mahali pa cheti cha chini. Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kutaka watoto wote waandikishwe, iliwachukua makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafanya walimu kwa mafunzo ya kazini, kwa redio na kwa njia ya posta, nao wakajulikana kama walimu wa UPE, herufi za Kiingereza za elimu ya msingi kwa wote. Walidharauliwa sana baadaye, lakini bila wao shule nyingi za vijijini zisingefunguliwa. Kenya ilikishikilia kwa miongo mingi cheti cha P1 cha miaka 2, kisha mwaka 2021 ikapokea wanafunzi wa kwanza wa stashahada iliyochukua nafasi yake. Uganda imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa sera yake ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea na msingi, awe na shahada ya chuo kikuu. Ubelgiji yenyewe, ambako mfano wa shule ya ualimu ya Kongo ulitoka, iliitoa kazi hii katika sekondari zamani, na sehemu yake inayozungumza Kifaransa iliongeza mafunzo hayo kuwa ya miaka 4 mwaka 2023. Finland ilianza kudai shahada ya uzamili kwa mwalimu wa darasa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kongo imebaki na mshono wa nguo ambao mshonaji wake aliuacha zamani.

Lakini kuiga sera ya Uganda kwa kalamu moja kungeleta madhara Likasi, na hili ni lazima lisemwe na kila mwenye nia njema. Mchepuo wa peda ni mojawapo ya njia chache ambazo msichana wa familia isiyo na kitu anaweza kupata kazi inayoheshimika bila kulipa ada za chuo, na kuufunga leo kabla ya kujenga kitu mahali pake kungemfungia mlango yeye kwanza. Njia inayofaa zaidi ni kumwacha D6 aanze kazi kama sasa, kisha kumpa shahada inayosomwa akiwa kazini na inayohusu darasa lake mwenyewe, ili fishi ya kesho iwe ndiyo kazi ya chuo ya leo. Likasi ina mahali pa kuanzia: mji una chuo kikuu chake na taasisi ya juu ya ualimu wa ufundi, na Lubumbashi haiko mbali, tena shule nyingi hufundisha kwa zamu 2, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, hivyo mwalimu wa zamu ya asubuhi ana saa za mchana ambazo leo huziuza kwa kazi za pembeni ili alishe watoto wake. Saa hizo hazitahamia kwenye masomo kwa kuhubiriwa. Zitahamia siku ambayo orodha ya mishahara itamtambua mwenye licence aliyebaki shule ya msingi kwa kiwango kile kile anacholipwa mwenzake wa sekondari.

Kwa sasa, mwalimu adimu anayepata shahada na kubaki bado hafiki kwa watoto wanaomhitaji zaidi. Mwezi Septemba, mkurugenzi anapogawa madarasa, hesabu yake huanzia juu: darasa la sita litafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, matokeo yake yatabandikwa na jina la shule litasemwa mtaani, kwa hiyo humpa darasa hilo mwalimu wake aliye bora, kisha la tano, na kuendelea kushuka, na darasa la kwanza mara nyingi humwangukia aliyekuja jana na diploma yake mkononi. Darasa la kwanza halina mtihani wa taifa na halitoi takwimu inayopelekwa Lubumbashi. Linatoa watoto ambao miaka 2 baadaye, mwalimu akiwafunulia ukurasa ambao hawajawahi kuusoma pamoja, hunyamaza wote kwa mara moja, wakimtazama mdomo ili wajue neno la kwanza ni lipi.